Kontrola Ndani ya Sanduku la Mninga

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa karakana mlininunulia keki, mkaniimbia, kisha mkanipa saa ya ukutani, zawadi ambayo sijaelewa ina kazi gani kwa mtu asiye tena na haja ya kuwahi popote. Mmoja wenu akaniomba niandike mambo ya kazini ya zamani, "ili na sie tujue, Mama, mlikuwa mnafanyaje kabla vitu havijaanza kuja vimekamilika." Nimekubali. Vyeo na mishahara siviandiki. Kwanza sikuvipata kwa wingi, na pili havimfundishi mtu kushika bisibisi.

Nina sababu nyingine ya kuandika. Wiki yangu ya mwisho mlikuwa mnafunga mota kwenye baiskeli ya mteja. Ile kontrola, kiboksi kinachopima umeme wa betri uende kwenye mota kwa kiasi gani, mliitumbukiza ndani ya fremu hata isionekane. Mkaniita. "Mama, hebu tafuta iko wapi." Nilitafuta sikuipata, mkacheka, nami nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu, na niliporudi mkaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimemkumbuka Shomari.

Niliingia kazini miaka ya mwisho ya themanini, kwenye kiwanda cha nguo upande wa Temeke. Nilikuwa msichana peke yangu katika karakana ya umeme. Siku ya kwanza nilikwenda na gauni jipya aliloshona mama yangu, na fundi mkuu, Mzee Nandonde, akalitazama kuanzia kola mpaka pindo. "Binti," akasema, "hilo gauni likishikwa na mashine litakuwa sanda yako." Nikapewa ovaroli la mtu aliyehama, nikalikunja miguu mara nne. Wiki nzima watu wa zamu waliniita Gunia, na baada ya hapo walichoka wenyewe.

Mzee Nandonde alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mtu wa maneno machache. Umeme aliujua kwa pua. Angepita kwenye mstari wa mashine, asimame, anuse, aseme, "Ile ya tatu, zima." Ukiifungua unakuta waya zimeanza kubadilika rangi. Mimi nilijifunza kusuka upya waya za mota kwa kumtazama mikono, maana kueleza hakukuwa fani yake. Saa ya chakula, wenzake wakila, yeye alichonga. Mipini ya bisibisi zote za karakana aliichonga yeye kwa vipande vya mninga, na kila mtu alikuwa na mpini wake uliomkaa kiganjani. Wangu bado ninao. Usiombwe.

Shomari alikuwa chumba cha kuchambulia pamba. Waliofanya kazi kule walitoka zamu ikiisha wakiwa weupe nyusi na kope, nasi tuliwatania kwamba wamezeeka kabla ya mchana. Yeye alikuwa kijana wa Buguruni, Mzaramo mwenzangu, mcheshi, anayeweza kukukopa maneno yako mwenyewe akakurudishia yakiwa utani. Alikuwa na mke aitwaye Tausi, na alimtaja katika kila habari, hata habari ya mashine. Kikohozi alikuwa nacho tayari. Wote wa chumba kile walikuwa nacho, kwa hiyo hakuna aliyekiona kuwa ugonjwa.

Kisha enzi za ruksa zikapamba moto. Milango ya nchi ilifunguliwa na marobota ya mitumba yakaingia, na mashati ya Ulaya yakauzwa barabarani kwa bei ya chini kuliko ile tuliyonunulia pamba yenyewe. Siwalaumu walionunua, nami nilinunua. Kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza watu, kikafungwa. Siku ya mwisho tuliambiwa kila mtu achukue vitu vyake binafsi, na chakavu zilizolundikwa nyuma ya ghala mwenye kutaka abebe. Mzee Nandonde na mimi tulibeba matoroli mawili madogo ya betri yaliyokuwa yakivuta majora ya kitambaa. Walinzi walituona wendawazimu. Tulichotaka ni mota zake za volti ishirini na nne, na kile kibao chenye transista kilichoziongoza.

Tulifungua banda la kusuka mota za feni na pampu, pale pale Temeke. Kazi ilikuwepo, kwa sababu umeme wa mgao ulikuwa ukirudi kwa kishindo na kuunguza vitu vya watu. Vibao vya yale matoroli nilivisoma jioni hadi nikavielewa, halafu nikaanza kutengeneza vya kwangu, vidogo zaidi, kwa transista za nguvu nilizonunua Kariakoo kwenye kaunta zilizojaa vitu vya Dubai. Niliunguza nyingi. Kontrola niliyoitengeneza mwisho ilitosha kiganjani, ina transista nne zilizobanwa kwenye kipande cha alumini cha kupozea, na ukizungusha nobu ya redio mota inaongeza mwendo polepole, haishtuki. Niliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokitengeneza bila kufundishwa, na kupenda kwa namna hiyo kuna upofu wake.

Shomari alikuja bandani asubuhi moja, baada ya mvua za masika. Baada ya kiwanda alikuwa akichukua mikate kwenye tanuri la Temeke na kuisambaza kwenye maduka mpaka Buguruni, kwa baiskeli kubwa ya Kichina yenye sanduku la bati kwenye keria. Alikaa kwenye benchi, akangoja pumzi imrudie ndipo akasalimia.

"Da Mwantumu, mie kifua kimekwisha," akasema. "Kile kilima cha kuvuka reli nilikuwaga napanda napiga mluzi. Sasa nashuka nasukuma. Jana nimekaa chini kabisa. Watu wanapita wananisalimia, naitikia kwa mkono, wanadhani nimeringa."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Wameniambia nipumzike. Nikawauliza, nikipumzika mie, mikate itajipeleka?"

"Na Tausi anasemaje?"

"Tausi anajua nakohoa. Hajui kama siwezi tena kunyonga baiskeli, na asijue. Akijua ataniweka ndani, atabeba nyumba peke yake na lile genge lake la nazi. Nami nikikaa ndani, da Mwantumu, nitakufa mapema zaidi. Yale matoroli si yalikuwa yanakwenda yenyewe? Basi nifanyieni na mie."

Tulipomwonyesha namna mota itakavyokaa, alitikisa kichwa. Alitaka mtu akimwona aone baiskeli tu, na juu yake mwanamume ananyonga. Sababu zake zilikuwa za kweli. Wezi wa Temeke wa wakati ule wakiona waya mwekundu walidhani ni redio, wakachomoa na waya. Trafiki angemsimamisha kuuliza kama ni pikipiki au baiskeli, na mimi mwenyewe jibu sikuwa nalo. Lakini sababu kubwa ilikuwa Tausi, na watu wa Buguruni waliomjua tangu anakimbia uchi. Alisema, "Nifichieni." Alisema mara mbili.

Basi tukaficha, na tulificha kwa ufundi wote tuliokuwa nao. Betri mbili tuliziweka chini ya mikate, sanduku likawa na sakafu ya uongo. Mota tuliifunga chini karibu na pedeli, ndani ya kifuniko kikubwa cha cheni, ikavuta cheni ile ile. Kwa hiyo mota ikizunguka, pedeli nazo zilizunguka, na miguu ya Shomari juu yake ikienda kama ya mtu mwenye nguvu zake. Hilo alilifurahia kuliko yote. Muungurumo aliuwekea maelezo: alinunua dinamo ya taa, mbovu, akaifunga kwenye gurudumu la mbele, na kila aliyeuliza aliambiwa ni dinamo. Nobu ya mwendo niliificha chini ya mpini wa usukani, kidole gumba kinaifikia.

Ikabaki kontrola. Mzee Nandonde alichukua gogo la mninga akalichonga sanduku la kukaa chini ya kiti, mahali watu wanapofunga mfuko wa spana. Alilichonga siku nne. Kwa nje liliungana na umbo la kiti, lenye mikunjo kama ngozi, na mfuniko wake haukuwa na bawaba wala parafujo. Ili ufunguke ulipaswa kubonyeza ncha moja kwa gumba na papo hapo kuvuta ncha ya pili kwa mkono wa pili. Kwao hutengeneza visanduku vya namna hiyo vya kuwekea vitu vya siri. Alipomaliza alilipaka mafuta, akalishika juu kwenye mwanga, na ndiyo mara ya pekee nilimsikia akijisifu: "Hili hata mimi mwenyewe nikilewa silifungui." Tulicheka. Hakuwa mlevi.

Mnaona kosa? Alumini inatoa joto nje iwapo kuna hewa ya kulichukua. Mninga hautoi joto. Nilikuwa nimeichukua kontrola nikaifungia kwenye blanketi. Niliijaribu bandani, kivulini, baiskeli imenyanyuliwa gurudumu likizunguka bure, kwa nusu saa. Niliweka kiganja juu ya sanduku nikalisikia baridi. Baridi ile ndiyo iliyopaswa kunitisha, kwa maana joto lilikuwa ndani halina pa kutokea. Mimi nikaandika kwenye daftari langu: haichemki.

Swichi kuu ya kukata umeme wote mwanzoni niliiweka wazi kwenye usukani, karibu na kengele. Ilikaa hapo wiki tatu. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akichagua mkate aliibonyeza akidhani ni kengele, na kwa kuwa Shomari alikuwa ameacha nobu wazi, baiskeli ikaruka ikamwaga mikate yote mchangani. Shomari alirudi kwangu siku ile ile, jasho linamtoka.

"Watu wameanza kuuliza," akasema. "Hiyo swichi iingie ndani na yenyewe."

"Ikiingia ndani utaizimaje ukiwa njiani?"

"Nitazima kwa nobu, da Mwantumu. Nobu si inazima?"

Nobu ilikuwa inazima. Nikaihamishia swichi ndani ya sanduku la mninga, ubavuni mwa kontrola. Kiwandani kila mashine ilikuwa na kitufe chekundu cha ukubwa wa ngumi, mahali ambapo hata mgeni angekipiga, na nilifanya kazi katikati ya vitufe vile kwa miaka. Kwangu sikukiweka. Mteja alitaka, nami sikutaka kazi yangu nzuri iharibiwe na alama nyekundu. Nalisema hili wazi, kwa sababu nimekwisha kulisema moyoni mara nyingi kwa maneno ya kujipunguzia.

Mwaka ule Shomari alinenepa kidogo. Alikuwa akipita bandani akipiga kengele, miguu inazunguka, anatuaga kwa kofia. Tausi aliwaambia majirani kwamba mumewe amepona, dawa ya mitishamba ya shangazi yake imefanya kazi. Shomari alitusimulia hilo akicheka mpaka akakohoa. Na kwa kuwa baiskeli ilimwezesha, akaongeza mzigo. Mikate ikawa mara mbili. Hakutuambia, nasi hatukuuliza.

Ajali ilitokea Ramadhani ya mwaka uliofuata, baada ya alasiri, wakati watu wanatafuta vitu vya futari na maduka yote yanataka mkate kwa saa moja. Jua lilikuwa kali. Shomari alikuwa amefunga, amepakia sanduku limejaa na furushi juu, amepanda kile kilima cha reli kwa nguvu yote ya mota. Ndani ya mninga zile transista ziliungua. Watu hudhani transista ikiungua umeme hukatika. Mara nyingi huwa kinyume: mlango hukwama wazi, na umeme wote wa betri hupita bila kuulizwa. Fyuzi haikukatika, kwa sababu mota kwenda mbio si kosa kwa fyuzi. Kuanzia pale juu, Shomari alipozungusha nobu, nobu haikuwa na la kusema.

Aliteremka upande wa pili, mota ikisukuma na mzigo ukisukuma. Breki za vyuma za baiskeli ile alizikamata kwa mikono miwili na hazikutosha. Chini ya mteremko palikuwa na genge la Tausi, na mbele yake foleni ya wanawake wanasubiri nazi. Tausi alimwona anakuja, miguu inazunguka kwa kasi. Akapiga kelele, "Acha kunyonga! Shomari, acha kunyonga, kuna watu!" Wengine nao wakapiga kelele hiyo hiyo. Walioona wote walisimulia namna moja: mtu alikuwa ananyonga, anaambiwa aache, haachi. Alipofika karibu na foleni alikata kona ghafla, akaingia kwenye mtaro wa zege. Hakumgusa mtu. Yeye alipiga kichwa kwenye ukingo, na alikaa hospitali siku mbili bila kuamka, tukamzika ya tatu.

Betri mbili zilikutwa mtaroni katikati ya mikate. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu siku zile za mgao kila mtu alibeba betri kwenye baiskeli kupeleka kuchajisha. Walidhani alikuwa amempelekea mtu. Kazi yetu ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu waliiona imepasuka mbele yao na bado hawakuiona.

Baiskeli aliichukua Mzee Nandonde kwa mkokoteni, akailaza nyuma ya banda, akaifunika turubai. Sanduku la mninga halikuwa na hata ufa. Nilibonyeza, nikavuta, likafunguka, na harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma hatua moja. Mbao za ndani zilikuwa nyeusi kama sufuria la wali ulioungua. Mzee Nandonde alisimama mlangoni. Hakusogea, pua yake ilikuwa imekwisha kumwambia.

"Litie moto," akasema.

"Na Tausi je, mzee?"

"Tausi ana msiba mmoja. Ukimwambia atakuwa na miwili. Amekufa kwa ajali, mtaa mzima unajua hivyo."

"Mtaa mzima haujui kitu. Tuliufanya usijue."

Alikaa kwenye benchi. Alitazama mikono yake muda mrefu, na mimi, niliyemfahamu miaka yote ile, niliona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee kweli. "Nimechonga tangu utotoni," akasema. "Sijapata kuchonga kitu cha kuua mtu." Jibu nililokuwa nalo lilikuwa ni kwamba kontrola ilikuwa yangu, na swichi nilihamisha mimi, na yeye alilijua hilo. Baadaye alisema, "Kama lazima uende, nenda na sanduku. Usiende mikono mitupu kama mtu wa umbea."

Hapa naruka mbele kidogo, kwa ajili ya wale wanaotaka faida ya kazi. Tangu siku ile sijafunga mota yoyote, ya pampu, ya mashine ya kusaga wala ya baiskeli, bila swichi nyekundu mahali pa wazi, mahali ambapo mpita njia asiyejua kusoma ataipiga kwa kiganja. Wateja wengine walikwenda kwa mafundi wanaoficha. Nawaombeni nanyi, ficheni kontrola kama mnataka, ila ipeni pa kupumulia, na swichi ya kukatia msiifiche kamwe, hata mteja akilia. Wezi wataiona. Waione. Mzee Nandonde alifanya kazi nami miaka minne zaidi na hakuchonga tena hata mpini wa nyundo. Kisha alirudi Newala, na habari za kifo chake zilinifikia kwa barua.

Kwa Tausi nilikwenda wiki ya nne. Wiki tatu nilijipa sababu. Alikuwa eda, hatoki wala haonwi na wanaume, na mimi kwa kuwa ni mwanamke sikuwa na mlango wa kunizuia. Nililifunga sanduku kwenye kanga, nikalibeba kwapani, nikaenda mchana. Alikuwa chumba cha ndani, juu ya mkeka, amejifunga kaniki, miguu ameinyoosha. Nilimpa pole, akaitikia. Tulikaa. Shangazi yake alituletea maji akatoka.

"Watu wanashangaa silii," akasema Tausi. "Mie sina machozi, dada, nina hasira. Mtu mzima na akili zake, amefunga, anashuka kile kilima ananyonga kama anashindana na vijana. Namwita aache. Kaniangalia usoni, da Mwantumu. Kaniangalia hivi, na miguu inakwenda. Hata neno hakusema. Kanidharau mbele za watu, halafu kafa."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikayaacha.

"Hakuwa ananyonga," nikasema.

Alinitazama.

"Pedeli zilikuwa zinazunguka zenyewe. Kulikuwa na mota. Mie ndiye niliyeifunga, mie na Mzee Nandonde. Iliungua ikawa haizimiki."

Nje watu walikuwa wakitwanga. "Dinamo," akasema Tausi.

"Hapakuwa na dinamo."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Kifua kilikuwa kimekwisha. Hakutaka ujue, akatuomba tufiche. Tukaficha."

"Mwaka mzima. Kila asubuhi namwambia, nyonga polepole baba, usijichoshe. Ananiitikia, haya." Alipangusa goti lake ambalo halikuwa na kitu. "Sasa aliponiangalia pale?"

"Hakuwa na pumzi ya kusema, Tausi. Alikuwa ameshika breki mikono yote miwili."

"Hapakuwa na pa kuzimia?"

"Palikuwepo."

"Wapi?"

Nikafungua kanga nikaliweka sanduku mbele yake. Hakulishangaa, alikuwa ameliona kila siku chini ya kiti cha mumewe na alidhani ni la spana. Nikamwonyesha: gumba huku, mkono mwingine uvute kule. Alifuata. Likafunguka. Akaingiza kidole katika ule weusi akaigusa swichi, ambayo haizidi kifungo cha shati.

"Hii tu?"

"Hiyo tu."

Akalifunga. Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, akakunja ngumi hewani kama ameshika usukani, na kwa mkono wa kulia peke yake akajaribu kulifungua. Likamteleza. Akabadilisha, ngumi ya kulia mbele, kushoto kwenye sanduku. Akabonyeza kwa gumba akavuta kwa kidole cha mwisho, ukucha ukavunjika.

"Kwa mkono mmoja halifunguki," nikamwambia.

"Nyamaza, dada," akasema. Hakusema kwa ukali. Akalipeleka sanduku nyuma yake, chini ya mgongo, mahali lilipokuwa likikaa chini ya Shomari, akanyoosha tena ule mkono mwingine mbele, akaanza upya.